Raba za badminton zisizo za kamba: kitufe, velkro au nini? Tushauriane hapa

Mwana_Upanga (mwenye uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa zangu shikamooni.

Nasaidia kuendesha mazoezi ya jioni ya klabu ndogo ya badminton hapa Dar. Tuna wachezaji watatu ambao kamba za viatu zinawanyima raha ya mchezo, na nataka nikiwashauri raba ya kununua niwe najua ninachokisema. Wa kwanza ni mzee wetu, mkali wa dabo (mchezo wa wawili kwa wawili), vidole vimekakamaa kwa baridi yabisi. Anafika ukumbini mapema kuliko wote ili apate muda wa kufunga viatu, na hataki kusaidiwa. Wa pili ni kijana aliyezaliwa bila kiganja cha kushoto. Wa tatu ni binti wa miaka 8, kila akikimbilia nyavuni kamba zinaburuta chini, na mimi nikimwangalia roho iko juu.

Madukani na mitandaoni nimeona raba za kuzungusha kitufe, wengi wanaziita BOA. Nimeona za velkro. Kuna wanaouza kamba za mpira unazoziweka kwenye raba yoyote na hufungi tena. Kuna na zile za kutumbukiza mguu tu, juu zimefumwa kama soksi.

Naanza na msimamo wangu. Raba ya badminton ni soli kwanza. Iwe na mpira laini unaong'ang'ania sakafu, mguu ukae karibu na ardhi, na ubavu wa nje uwe mgumu. Raba ya kukimbilia barabarani ina sponji nyingi na kisigino kirefu, ukigeuka ghafla kifundo kinapinda. Kwa hiyo tusipendekezeane raba za kukimbia eti kwa sababu hazina kamba. Ninachouliza ni kwamba, ndani ya raba za badminton zenyewe, ni ufungaji gani unaushika mguu sawasawa, na upi ukiharibika unatengenezeka hapa kwetu?

Mzee_wa_Dabo

Marahaba binti yangu. Uzi mzuri, nimekaa mkao.

Mimi ni mtu wa kamba na sitajificha. Kamba inakupa nafasi ya kukaza sehemu kwa sehemu: kwenye vidole unaacha nafasi, katikati unakaza kiasi, juu karibu na kifundo unakaza kweli. Kuna yale matundu mawili ya mwisho kabisa, ambayo wengi wanayaacha wazi. Pitisha kamba kwenye tundu la mwisho upande uleule ilikotoka, iache kitanzi kidogo. Fanya hivyo pande zote mbili, kisha ingiza kila ncha kwenye kitanzi cha upande wa pili na uvute kuelekea chini. Kisigino kinatulia, hakipandi tena. Kwenye badminton hilo ndilo jambo lenyewe, kwa sababu ukipiga hatua ndefu ya kwenda nyavuni unatua na kisigino, na uzito wote unasukumwa mbele. Kisigino kikiwa kinacheza, vidole vinakwenda kugonga ncha ya kiatu. Kucha nyeusi mnazoziona kwa wachezaji nyingi zinatoka hapo.

Kwa hiyo kabla mtu hajaacha kamba, ajue anaacha nini. Hivi vitufe kwangu naona ni kulipia mbwembwe.

Bint_Maskati

Shikamoo mzee wangu. Nakubaliana nawe kwenye kisigino, ila kwenye mbwembwe naomba tupishane kwa adabu.

Nipo Maskati. Huku badminton inachezwa sana, Wahindi wamejaza kumbi kila jioni, na nimepata nafasi ya kuzijaribu raba nyingi. Ninayovaa ni Yonex 88 Dial, ya kitufe. Inafanya kazi hivi: unakibonyeza kitufe mpaka kiingie ndani, unasikia mlio mdogo, halafu unakizungusha. Kila jino likipita unalihisi kwenye kidole gumba, na waya unajivuta kidogo kidogo pande zote mbili za kiatu. Ukitaka kuvua unakivuta kitufe kwa nje na waya wote unalegea mara moja. Kidole gumba na cha shahada vinatosha, na mkono mmoja unatosha.

Mfumo huu haukuanzia kwenye korti. Kampuni ya BOA ilianzishwa na Gary Hammerslag kule Colorado, Marekani, na mwaka 2001 wakaingia sokoni kupitia buti za watu wanaoteleza kwenye theluji kwa ubao. Fikirieni mazingira yale, glavu nene na vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Ndiyo maana nilipomsoma yule mzee wa Dar mwenye vidole vilivyokakamaa niliona kabisa kwamba kitu hiki kinamhusu.

Faida ya pili mnaijua nyote mnaocheza kwenye joto. Kumbi zetu tunazifunga madirisha ili upepo usisukume shato (kile kinyoya tunachokipiga), kwa hiyo ndani ni tanuri. Miguu inavimba. Kiatu kilichokuwa sawa mwanzo wa gemu kinaanza kubana katikati. Mapumziko ya katikati ya gemu, upande mmoja ukifikisha pointi 11, hayazidi sekunde 60, na kati ya gemu na gemu hayazidi 120. Nje ya hapo mchezo unatakiwa uendelee, na mwamuzi ndiye anayeamua kama unachelewesha. Kwa kitufe nalegeza na kukaza upya wakati nakwenda kuokota shato.

Kasoro zake nazo nizitaje. Waya ni mmoja, unateleza kwenye njia zake na kujigawia mkazo wenyewe. Ile ya mzee ya kulegeza vidoleni na kukaza juu huipati, labda kiatu kiwe na vitufe viwili. Mwenye mguu mpana mbele na mwembamba nyuma atapata shida, asinunue bila kujaribu. Pili, bei. Vitufe wanaviweka kwenye raba zao za daraja la juu.

Fundi_Raba_254

Habari zenu ndugu zangu wa Dar na Maskati. Mimi hurekebisha viatu vya michezo hapa Nairobi, na swali la dada la kutengenezeka limenigusa.

Nianze na velkro, maana watu huidharau bure. Velkro ina pande mbili, upande wa vindoano na upande wa manyoya. Vindoano hujaa vumbi, nyuzi za soksi na nywele, halafu mtu husema imekufa. Haijakufa. Chukua mswaki mkavu, sugua kwa kufuata mstari, kisha toa uchafu uliobaki kwa ncha ya sindano. Kinachokufa kweli ni upande wa manyoya, ukishachakaa hakuna kinachoshika. Hapo fundi yeyote mwenye cherehani ya viatu atakubadilishia kwa muda mfupi, velkro yenyewe huuzwa kwa mita kwenye maduka ya zipu na nyuzi. Mwambie ashone, asibandike kwa gundi peke yake, kwa sababu jasho na joto vitaibandua.

Lakini si kila velkro inafaa korti. Tazama mkanda unapita wapi. Kuna ule unaotoka upande mmoja na kulala moja kwa moja upande wa pili: huo hauna nguvu, ukikanyaga kwa ubavu unaachia. Tafuta unaopita kwenye pete kisha unarudi ulikotoka. Pete hukupa nguvu ya kuvuta, na mzigo hauendi wote kwenye velkro. Mikanda isipungue miwili, na mmoja lazima uwe juu kabisa, pale mguu unapokunjika.

Sasa kitufe. Waya ukikatika usikubali fundi akuwekee waya wa breki ya baiskeli. Ni mnene, utakula njia za kitambaa na kitufe hakitauzungusha. BOA wenyewe hutoa dhamana ya kitufe na waya kwa muda wote wa maisha ya kiatu. Unaingia kwenye tovuti yao, unachagua aina ya kiatu na kitufe, nao hutuma vifaa pamoja na maelekezo. Angalieni neno BOA limeandikwa juu ya kitufe, kwa sababu si kila kitufe ni chao. Zipo raba za bei ya chini zenye vitufe vya kuiga, meno ya plastiki laini, na ukivuta ulimi wa kiatu kwa nguvu kitufe kinarudi nyuma chenyewe. Fanyeni jaribio hilo dukani: kaza, shika ulimi, vuta. Kikirudi hata jino moja, rudisha kiatu kwenye rafu.

Mkimbia_Beach

Wakuu, hizi kamba za mpira mbona mnazipita juu juu? Mimi natumia kwenye mbio na sijafunga kiatu muda mrefu sana. Bei yake ndogo na zinaingia raba yoyote. Kwa yule kijana si ndiyo suluhisho?

Tabibu_Viungo

Mkuu Mkimbia_Beach, kwenye mbio ziko sawa kwa sababu mguu unakwenda mbele tu. Badminton ni kusimama ghafla na kukanyaga kwa ubavu. Ukikanyaga hivyo mwili unaendelea kwenda nje wakati soli imeganda sakafuni. Kinachouzuia mguu usipande juu ya ukingo wa soli ni ule mkazo wa juu ya kiatu. Mpira kazi yake ni kunyooka, na utanyooka wakati huohuo unapouhitaji ushike. Mguu ukishapanda ukingo, kifundo kinapinda kuelekea ndani. Kuteguka kifundo cha mguu ni miongoni mwa majeraha yanayoongoza kwenye mchezo huu, na mimi ninaowapokea wengi wameteguka hivyo.

Za kutumbukiza mguu bila kufunga ni hadithi hiyohiyo. Nzuri kwa kwenda sokoni.

Kama mtu anataka kuepuka fundo tu, kuna kamba nyembamba zisizonyooka zenye kibano cha plastiki. Unavuta, unasukuma kibano chini, imetosha. Salomon wanaweka za namna hiyo kwenye viatu vyao vya milimani. Ukiziweka kwenye raba ya badminton hakikisha kwa mikono yako kwamba kamba hainyooki, na ile ncha inayobaki uifiche chini ya kamba nyingine isije ikakanyagwa.

Nyota_ya_Kampala

Salamu kutoka Kampala. Kiswahili changu mtakirekebisha, ila suala la kijana wa mkono mmoja siwezi kulipita.

Kwanza mwambieni hayuko peke yake. Badminton ya watu wenye ulemavu iliingia Paralimpiki kwa mara ya kwanza Tokyo, mwaka 2021, na kuna daraja linaloitwa SU5 kwa ajili ya wenye ulemavu wa mkono. Dada yetu Ritah Asiimwe anacheza daraja hilo na ameiwakilisha Uganda. Mwaka 2024 Paris, Mariam Eniola Bolaji wa Nigeria alichukua medali ya shaba, yeye daraja lake ni SL3, la wenye ulemavu wa mguu. Na hapa Kampala tunaandaa mashindano ya kimataifa ya badminton ya wenye ulemavu. Aje atazame, basi la kutoka Dar lipo.

Pili, kabla hajatumia hela ya kitufe, ajaribu hii kwenye raba aliyonayo. Kuna namna ya kupitisha kamba kwa mkono mmoja. Chukua kamba moja, piga fundo nene kwenye ncha moja. Ingiza ncha nyingine kwenye tundu la chini kabisa kutokea ndani, mpaka fundo likwame chini ya tundu. Halafu panda nayo, kulia, kushoto, kulia, kushoto, mpaka juu. Sasa una ncha moja tu ya kushughulika nayo. Anavuta mstari mmoja mmoja kuanzia chini kwa kidole, na mkazo anaoweka haurudi kwa urahisi kwa sababu kamba inakwaruzana na matundu. Juu kabisa anaichomeka ncha chini ya mistari miwili iliyotangulia, kisha anairudisha na kuichomeka tena. Atumie kamba bapa ya pamba, ile ya duara inayoteleza haifai. Na ile ya Mzee_wa_Dabo ya kukaza vidole tofauti na kifundo, hapa anaipata yote.

Mzee_wa_Dabo

Nyota, umenifurahisha sana. Kamba inabaki kamba na kijana anajifunga mwenyewe. Niongeze tu kwamba achague raba yenye matundu ya duara yaliyotobolewa kwenye kiatu, siyo vile vitanzi vya utepe. Kwenye vitanzi kamba inateleza na mkazo utarudi.

Na kwa mzee mwenzangu wa vidole, hapo nawaachia kitufe chenu. Mtu wa rika hilo akiweza kuvaa kiatu bila kuomba, mpeni.

Mama_wa_Wawili

Naomba niongelee binti wa miaka 8, maana ninao wa umri huo na wote wanacheza.

Velkro, dada. Kwa watoto usihangaike na kitufe, mguu unakua na kiatu kinabadilishwa kabla waya haujapata hata mkwaruzo. Tatizo la velkro kwa watoto ni kwamba wanaivaa wakiwa wamesimama, mguu uko katikati ya kiatu, wanabandika na kukimbia. Mfundishe akae chini, agonge kisigino sakafuni mara kadhaa mpaka kikae nyuma kabisa ya kiatu, halafu aanze mkanda wa juu kabla ya wa chini. Wa juu ndio unaofunga kisigino. Halafu umwambie aruke kwa ubavu kulia na kushoto mbele yako. Mguu ukitembea ndani ya kiatu utauona.

Msimnunulie kubwa ili akulie ndani. Najua bei ilivyo na kila mzazi anapiga hesabu hiyo, lakini kwenye mchezo wa kukata kona kiatu kikubwa ni hatari hata kikifungwa vipi. Upana wa kidole mbele ya kidole gumba unatosha.

Kijana_wa_Singo

Zipu je? Nimeona raba za kikapu zenye zipu nyuma.

Bint_Maskati

Hizo ni za Nike, wanaziita FlyEase. Chanzo chake kinafurahisha. Kijana wa Kimarekani, Matthew Walzer, mwenye mtindio wa ubongo, mwaka 2012 aliwaandikia Nike kwamba anakaribia kwenda chuo na bado wazazi wanamfungia viatu. Mwaka 2015 wakatoa raba ya kikapu ya LeBron yenye zipu inayozunguka kisigino, unakifungua kiatu kwa nyuma na mguu unaingia. Natamani sana kampuni za badminton zisome barua kama ile. Ila raba ya kikapu ni nzito na mguu unakaa juu, kwenye korti yetu utachelewa kila shato.

Fundi_Raba_254

Na msije mkaniletea raba ya badminton niweke zipu ubavuni. Mimi hukataa kila siku. Ubavu ndio ukuta unaozuia mguu kutoka nje, ukiukata hakuna mshono utakaorudisha ile nguvu. Velkro naweza kuongeza juu ya raba ya kamba, mkanda mmoja wenye pete karibu na kifundo, kwa sababu hapo sikati chochote, nashona tu juu. Kwa kijana wa mkono mmoja huo mkanda juu ya kamba ya Nyota utakuwa imara kabisa.

Jambo lingine, sakafu. Kama mnachezea saruji, ile soli laini ya rangi ya asali italika upesi, na vumbi likiikalia inateleza. Pangusa soli kwa kitambaa chenye unyevu kabla ya kila gemu. Mtu atalaumu kitufe au velkro kumbe anateleza kwa vumbi.

Tabibu_Viungo

Sawa kabisa. Mimi naongeza namna ya kujaribu kiatu dukani, kiwe cha ufungaji wowote. Nenda jioni, miguu ikiwa imeshatanuka, na soksi zako za kuchezea. Funga. Piga hatua ndefu ya mbele utue na kisigino, ubaki hapo na kusikiliza vidole: vikigusa mbele, kiatu hakijashika. Rudi kwa haraka uone kama kisigino kinapanda. Ruka kwa ubavu. Kisha fungua na ufunge tena ukiwa umechoka na mikono ina jasho, maana ndivyo itakavyokuwa ukumbini. Kwa yule mzee hatua hiyo ya mwisho ndiyo muhimu. Kuna vitufe vidogo vilivyolala bapa kwenye kiatu, vidole vya baridi yabisi haviwezi kuvinyanyua ili vifunguke. Ajaribu mwenyewe, mtu asimjaribie.

Mwana_Upanga (mwenye uzi)

Asanteni mno, nimeandika kila kitu. Kijana tunaanza naye Jumamosi kwa kamba ya mkono mmoja, na nimeshaongea na fundi wa hapa mtaani kuhusu mkanda wa juu. Nyota, ukiweza tuma picha ya pale ncha inapochomekwa, nataka nimwelekeze vizuri. Binti tunamtafutia ya mikanda miwili yenye pete, mama yake ameshasoma uzi huu.

Kwa mzee ni kitufe. Bint_Maskati, naomba msaada wako: ukipita dukani niangalizie kama kuna toleo la mguu mpana, sentimita 27. Na kama yapo ya aina mbili, niambie kitufe kipi kimenyanyuka zaidi.

Bint_Maskati

Nitapita Ijumaa jioni na nitakupigia picha ya kitufe kwa ubavu, nikiwa nimekishika kwa vidole ili uone urefu wake. Wewe mwambie mzee asimame juu ya karatasi baada ya mazoezi, miguu yote miwili, umchoree kwa kalamu iliyosimama wima, upime urefu na upana. Nitumie inboksi vipimo vya mguu ulio mkubwa. Na umsalimie, mwambie shikamoo yake kutoka Maskati.